Tuyatazame macho ya mbwa kabla ya kuyatia dawa

Miongoni mwa wanyama wote wafugwao katika nyua za Gusii, hakuna afanyaye kazi kubwa zaidi ya kutulinda usiku kuliko mbwa, na hakuna ambaye macho yake hutazamwa kwa nadra kuliko yeye. Ng'ombe wa maziwa akitokwa na machozi asubuhi, kufikia adhuhuri tabibu wa mifugo amekwisha kuitwa kutoka Keroka au Ogembo, na majirani wamekwisha kuulizana habari. Mbwa wa boma hilo hilo huweza kukaa miezi mitatu na jicho lililofungwa na tongo, akipapasa njia ya kuendea sufuria yake ya makombo, asiulizwe neno na mtu. Siku anapojigonga kwenye nguzo ya lango ndipo tunaposema, "Kumbe huyu amekuwa chongo!"

Sisemi haya ili kumtukuza mbwa juu ya ng'ombe. Ng'ombe ndiye alipaye karo, nami niliyefundisha somo la kilimo kwa miaka mingi katika shule za huku kwetu nalijua hilo fika. Ninalotaka kusema ni kwamba upofu mwingi wa mbwa ninaouona katika kaunti zetu mbili za Kisii na Nyamira hausababishwi na maradhi peke yake. Unatokana na mambo mawili ya mikono yetu wenyewe: tunachelewa kutazama, kisha tunaharakisha kutia. Twatia nini? Chumvi ya konzi, majivu, maji ya tumbaku, na siku hizi, kibaya kuliko vyote hivyo, matone ya macho yaliyobaki chupani baada ya nyanya kutibiwa.

Wako wasemao kwamba mbwa wetu wa kienyeji, esese kama tumwitavyo, ana macho ya chuma. Wasemao hivyo wamepatia nusu. Mbwa wa kienyeji, mwenye pua ndefu na kope zinazolala sawasawa juu ya jicho, hasumbuliwi sana na kasoro za maumbile zinazowaandama baadhi ya mbwa wa kigeni wenye pua fupi au ngozi iliyokunjamana, ambao kope zao hujikunja kwa ndani na nywele zikalikwaruza jicho usiku na mchana. Lakini maumbile mema hayalizuii jani la nepia kukata.

Hebu tuiangalie nchi yenyewe. Gusii ni nchi ya milima, sehemu zake nyingi zikiwa kati ya mita 1,500 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba yake madogo yamepandwa hadi mlangoni: migomba, mahindi, chai, nepia ya ng'ombe. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku hupita mbio katika mimea hiyo akifuata harufu au kishindo. Majani ya nepia na ya mahindi yana makali pembeni mithili ya msumeno mdogo. Yakimpitia jichoni huacha mkwaruzo asiouona mtu. Penye nyua zilizozungushiwa mnyaa, utomvu mweupe wa mmea huo ukimrukia jichoni humuunguza vibaya sana. Kule Tabaka, wanakochonga yale mawe laini yaliyolipeleka jina la Kisii hadi ng'ambo, vumbi jeupe hutanda kila mahali. Na katika nyumba nyingi mbwa hulala jikoni, uso wake karibu na jivu, moshi ukimpitia.

Kutazama jicho la mbwa ni kazi ya dakika tatu, na mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuielewa. Hata hivyo, kuna onyo ambalo mwalimu yeyote sharti alitangulize. Mbwa ambaye tabia yake imebadilika ghafla, aliyekuwa mpole akawa mkali au aliyekuwa mkali akawa mnyenyekevu kupita kiasi, anayetokwa na udelele, ambaye taya la chini limelegea, au anayekodoa macho bila kumtambua bwana wake, huyo asiguswe kamwe. Hicho chaweza kuwa kichaa cha mbwa, na kichaa kikishaanza kuonyesha dalili ndani ya mtu karibu daima humuua. Aliyeumwa au hata kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Ofisi ya mifugo nayo ipewe habari za mbwa huyo.

Akiwa ni mbwa mzima wa akili, mtazame kwanza kutoka mbali, kabla hajashikwa. Je, analifumba jicho moja? Mbwa afumbaye jicho anaumia. Hafumbi kwa mazoea wala kwa madaha. Je, analisugua kwa guu la mbele, au anaburura uso kwenye nyasi? Kisha yule amlishaye kila siku, mtu mzima na si mtoto, ndiye amshike na kumfunga mdomo kwa utepe wa kitambaa usioziba pua, maana hata mbwa mpole huuma akiguswa panapouma. Yatazameni macho yote mawili penye kivuli, kwa kurunzi au taa ya simu, jicho moja likiwa kipimo cha jingine. Tongo ni la rangi gani, na limetoka upande mmoja au pande zote mbili? Weupe wa jicho umekuwa mwekundu? Kile kioo cha mbele kiitwacho konea kinang'aa, au kimefanya ukungu? Mboni inanywea unapoimulika? Mwisho dondosha kipande cha pamba mbele ya uso wake. Pamba haina sauti wala upepo wa kumshtua. Mbwa aonaye huifuata kwa macho, na asiyeona hutulia tuli.

Macho yote mawili yakiwa mekundu kidogo na yakitoa machozi mepesi, ilhali konea inang'aa na mbwa ameyafumbua vizuri, aghalabu kisa ni vumbi, moshi au mzio. Hapo dawa ya kwanza ni maji. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe kabisa, kisha osha kwa pamba safi ukianzia pembe ya ndani ya jicho kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Na watu waelewe tofauti iliyopo hapa. Maji haya yana chumvi karibu sawa na ile iliyomo ndani ya machozi yenyewe. Konzi ya chumvi kavu ni kitu kingine kabisa, na mbwa anayepiga kelele anapotiwa chumvi hiyo hapigi kelele kwa sababu "dawa inafanya kazi".

Tongo likiwa zito, la manjano au la kijani, wengi husema bakteria wameingia, na mara nyingi husema kweli. Lakini uko ugonjwa mwingine unaofanana na huo kama pacha: machozi yenyewe yamekauka. Jicho lisilo na machozi hutoa uteute unaonata na kuvutika kama gundi, na konea hupoteza mng'ao kama kioo kilichopulizwa pumzi. Mwenye mbwa hupaka marhamu wiki hii, jicho likapata nafuu, akaacha, likarudi, akapaka tena, mwaka ukaisha. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa utepe wa karatasi uliotiwa alama, anaouweka ndani ya kope ya chini kwa dakika moja. Machozi yakiufikia urefu wa milimita 15 au zaidi, hakuna neno. Yasipofika milimita 10 na jicho lina dalili hizo, limekauka. Dawa yake kubwa, saiklosporini, si ya siku saba. Mara nyingi ni ya maisha yote.

Sasa nafika pale palipo moyo wa hoja yangu. Jicho moja limefumbwa, linatiririka, na ukilifumbua unaona juu ya konea doa la ukungu mweupe au samawati. Huo ni mkwaruzo uliogeuka kidonda, na ndio mkasa ninaouona zaidi kwa mbwa wa mashambani. Konea ya mbwa ina unene wa nusu milimita tu, au zaidi kidogo. Haina mishipa ya damu, kwani ingekuwa nayo isingepitisha nuru. Kwa hiyo huduma ya askari wa mwili huifikia polepole, kutoka kingoni na kutoka kwenye machozi. Mkwaruzo mwepesi, ukilindwa dhidi ya vijidudu na dhidi ya makucha ya mbwa mwenyewe, hupona kwa siku chache. Usipopona ndani ya wiki moja ujue kuna kitu kinachouzuia, pengine jani lililonasa chini ya kope, au unywele, au ule ukavu niliokwisha kuutaja.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, yanayotokea mtu anapokitilia kidonda hicho matone yenye steroidi, kama vile deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Siku ya kwanza wekundu unapungua. Siku ya pili mbwa anafumbua jicho, na mwenyewe anawasifu waliomshauri. Lakini steroidi haikuponya kitu. Iliwanyamazisha wale askari, wekundu ukatoweka kama unavyotoweka moshi wa nyumba ambayo wazima moto wake wamefukuzwa. Kidonda kinaendelea kuchimba kimyakimya, vijidudu vinapata uwanja, konea inaanza kuyeyuka kama ute wa yai, na baada ya siku kadhaa jicho linatoboka. Nimewaona mbwa watatu wa namna hiyo katika mtaa mmoja usiozidi mwendo wa nusu saa, na katika nyumba zote tatu chupa iliyoletwa nje kunionyesha ilikuwa na neno la namna hiyo kwenye karatasi yake. Hakuna aliyekuwa amelisoma. Tunawafundisha watoto kusoma riwaya na mashairi, jambo jema, lakini hatujawafundisha kuisoma karatasi ya chupa ya dawa.

Daktari hulimaliza shaka hili kwa rangi iitwayo fluoresini, iliyokaushwa kwenye kipande kidogo cha karatasi. Huilowesha, huigusisha jichoni, kisha huosha. Penye konea nzima rangi huondoka. Penye kidonda hubaki iking'aa kijani. Ni kipimo kisichohitaji mashine. Baada yake, kwa kidonda chepesi, mara nyingi huandika marhamu ya antibiotiki, mathalani ile ya tetrasaiklini ya asilimia 1 ambayo wazee wetu waliizoea katika vita dhidi ya vikope, ipakwe mara tatu au nne kwa siku. Wakati huo mbwa avishwe kitu shingoni asilifikie jicho kwa makucha. Kitu chenyewe si lazima kinunuliwe mjini: ndoo kuukuu ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zake zikazungushiwa kitambaa, inatosha.

Je, steroidi ni sumu basi? La, hasha, na hapa ndipo penye utata unaowaponza hata wenye nia njema. Watu wenye uwezo katika miji yetu, wenye maduka na nyumba za kupangisha, wamependa kufuga mbwa wa jamii ya German Shepherd. Mbwa hawa wana ugonjwa wao: utando mwekundu au wa hudhurungi unaoanzia ukingo wa nje wa konea na kutambaa kuelekea katikati, macho yote mawili, bila maumivu makubwa, hadi dirisha lote likafunikwa. Mionzi ya jua isiyoonekana, ile iunguzayo ngozi, huuchochea sana, na mionzi hiyo ni mikali zaidi katika nchi za juu. Ugonjwa huu umezoeleka katika miinuko ya Milima ya Rocky kule Marekani. Sisi tuko juu milimani na tena karibu mno na ikweta. Tiba yake ni hiyo hiyo steroidi, au saiklosporini, ya maisha yote. Chupa moja, basi, humwokoa mbwa wa mfanyabiashara mjini na kumpofusha mbwa wa jirani yake aliyekatwa na nepia. Tofauti haimo ndani ya chupa. Imo ndani ya jicho, na haijulikani ila kwa kulitazama.

Kuna na kisu. Mbwa ana kope ya tatu, iliyojificha kwenye pembe ya ndani ya jicho, na mbwa akidhoofika, akiishiwa na maji mwilini au akipata maumivu, kope hiyo hujitokeza. Wakati mwingine, hasa kwa mbwa wachanga wa kigeni, tezi iliyo chini yake huchomoka na kuonekana kama tunda dogo jekundu. Watu husema ni nyama imeota, na fundi huitwa aikate. Wasikubali. Tezi hiyo hutoa sehemu kubwa ya machozi ya jicho. Ikikatwa, jicho liko hatarini kukauka baadaye. Daktari huirudisha mahali pake na kuishona.

Mengine niyapitie upesi. Rangi ya samawati ndani ya mboni ya mbwa aliyepita miaka saba au minane huwa ni uzee wa lenzi tu, naye huendelea kuona. Weupe mzito kama maziwa ni mtoto wa jicho, na hakuna matone yanayomwondoa, hata muuzaji akuapie. Jicho lililovimba, gumu, lenye ukungu na maumivu makali lina shinikizo, nalo laweza kupofuka kwa siku moja au mbili: huyo mbwa hasubiri siku ya soko. Watoto wa mbwa hufungua macho kati ya siku ya 10 na 14 hivi. Wasifunguliwe kwa nguvu, lakini kope zikivimba kabla ya siku hizo kuna usaha nyuma yake, nao utaka daktari mara moja. Na mbwa aliyetemewa na swila, au aliyerukiwa na utomvu wa mnyaa, hana haja ya mizizi wala majani ya kutafunwa: aoshwe jicho kwa maji mengi safi, robo saa au zaidi, maji na maji tena, kisha apelekwe kwa daktari.

Jicho pia ni dirisha la mwili. Macho na pua zikitoa usaha pamoja, mbwa akikohoa, akaharisha, na baadaye misuli ikaanza kurukaruka, huo ni ugonjwa wa distempa, ambao hauambukizi watu lakini humaliza mbwa wa kijiji kizima, na ambao kinga yake ni chanjo. Damu ndani ya jicho la mbwa mwenye kupe wengi, aliyekonda na mwenye ufizi mweupe, huweza kuwa homa iletwayo na kupe hao. Na ukungu wa samawati katika macho ya mbwa anayekonda huku ana homa za kuja na kwenda ni alama mashuhuri ya nagana, maradhi ya mbung'o. Huku kwetu mlimani watu hawaifikirii nagana. Lakini bonde la Lambwe katika Kaunti ya Homa Bay, ambalo historia yake na mbung'o ni ndefu, si mbali, na wako wachuuzi wanaosafiri na mbwa wao. Kumpaka mbwa wa namna hiyo marhamu ya jicho ni kufuta vumbi kwenye dirisha la nyumba inayoungua.

Nasikia tayari sauti ya msomaji mmoja ikiniuliza: mwalimu, watu wa Gusii wenyewe hawana madaktari wa macho wa kutosha, nawe watuhubiria macho ya mbwa? Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Jibu langu la kwanza ni kwamba ni jicho lile lile na ni chupa ile ile. Matone yenye steroidi yanayomtoboa mbwa konea huweza kumharibu macho na mtu anayejinunulia bila kuandikiwa na daktari: humwongezea shinikizo la jicho, humharakishia mtoto wa jicho, hugeuza kidonda kidogo kuwa kikubwa. Mwanafunzi aliyejifunza kumwambia babake, "Tusitie kabla ya kutazama," kuhusu mbwa, atamwambia hivyo hivyo kuhusu nyanya yake. Jibu la pili ni kwamba maumivu hayapungui kwa sababu mwenye kuumwa hana jina katika kitambulisho cha taifa. Sheria zetu zinamtambua mnyama kuwa kiumbe kinachoweza kuteswa, na kumwacha na jicho lililooza kwa miezi ni mateso hata kama hakuna aliyeinua fimbo.

Hata hivyo nakiri kwamba gharama ni ukuta. Mbwa wa kienyeji hupatikana bure au kwa kitu kidogo, na safari moja ya daktari huzidi thamani yake sokoni. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari wa mifugo alikuwa mtumishi wa serikali. Kisha serikali ikaacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wote wa fani hiyo, na katika miaka ya 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi yaliyohimizwa na wafadhili, tiba ya mifugo ikaachiwa soko kwa kiasi kikubwa. Soko lilimchagua ng'ombe wa gredi. Halina dhambi; soko humfuata mwenye maziwa. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, inazikabidhi kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo mbwa wa Nyamaiya na wa Suneka si yatima kikatiba. Ana mlezi, na mlezi huyo ana ofisi katika mji wa Nyamira na katika mji wa Kisii.

Tena si kila jicho linaloweza kuokolewa, na mwenye mbwa asifedheheke kwa hilo. Jicho lililokufa lakini lingali linauma ni afadhali liondolewe. Mbwa huishi vizuri na jicho moja. Hata aliyepofuka yote mawili huishi, kwa sababu pua na masikio yake hufanya kazi kubwa, alimradi sufuria yake haihamishwi na hafunguliwi kwenda barabarani. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mbwa kipofu anayebweka usiku mgeni akipita huonyesha kuwa moyo wake uko mzima.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu na kwa kaunti zote mbili halihitaji jengo jipya. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Siku ya chanjo, ambayo mara nyingi huangukia karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndiyo siku pekee ambapo mbwa wa kijiji kizima huletwa mahali pamoja, wakiwa wameshikwa na wenyewe, mbele ya mtaalamu. Mbona mtaalamu huyo aishie kwenye bega la mbwa na sindano? Aongezewe kurunzi na vipande vya fluoresini, na kila mbwa amulikwe macho kabla hajaachiliwa.

Klabu za 4-K zilifufuliwa shuleni mwaka 2021, na jina lake lenyewe ni kuungana, kufanya, kusaidia Kenya. Wanachama wake wasimshike mbwa yeyote siku hiyo. Kazi yao iwe kalamu. Waketi mezani, umbali wa kutosha kutoka kwa mbwa, waandike katika daftari: mbwa wa boma lipi, jicho lipi, ukungu au tongo, ametiwa nini kabla ya kuletwa, na kutoka chupa gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoisoma mimi kwanza. Daftari hilo linakiliwe mara mbili, moja libaki shuleni kwa masomo ya kilimo na sayansi, na jingine lifikishwe kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti kabla ya mwisho wa Februari, maana huo ndio mwezi ambao kaunti hupeleka katika bunge lake mpango wa matumizi ya mwaka ujao, na mstari wa dawa za macho ya mbwa haujawahi kuombewa na mtu ninayemfahamu.